Hukumu Mbele, Ushahidi Nyuma: Filamu ya The Message na Watazamaji Wasioitazama

Kazi ya sanaa inayosimulia mateso ya watu kwa ajili ya imani yao haipokelewi kama kazi nyingine. Mtazamaji wa filamu ya mapenzi au ya upelelezi huuliza kama kisa kimemnogea au hakikumnogea. Mtazamaji wa filamu ya mateso ya kidini huuliza kwanza ni nani aliyempa msimulizi idhini ya kusimulia. Swali hilo si baya, kwani kumbukumbu ya waliodhulumiwa ni amana. Tatizo huzuka pale jibu linapotolewa kabla ya kazi yenyewe kutazamwa. Katika historia ya sinema ya karne ya 20, ni nadra kupata mfano ulio wazi kuliko filamu ya The Message, iliyoelekezwa na Moustapha Akkad, Mwarabu mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, na kuonyeshwa mara ya kwanza London mwaka wa 1976.

Mengi yamesemwa kuhusu filamu hiyo, na mengi kati ya hayo yalisemwa na watu ambao hawakuwa wameiona. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo cha haki cha kuihukumu hakihitaji kutafutwa mbali. Kimo ndani ya filamu yenyewe, katika onyesho la baraza la mfalme Najashi wa Uhabeshi, ambapo wakimbizi wanasikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Kisa cha wanyonge

Filamu inaanza na wapanda farasi watatu wanaovuka jangwa wakiwa na barua za Mtume Muhammad (S.A.W.) kwa watawala wakuu wa enzi hizo, miongoni mwao Kaisari Herekali na Kisra wa Uajemi. Kisha inarudi nyuma hadi Makka ya mwanzoni mwa karne ya 7, mji ulioneemeka kwa biashara ya misafara na kwa mahujaji waliokuja kuyazuru masanamu ya Al-Kaaba. Katika mji wa namna hiyo, mahubiri ya Mungu mmoja yalitishia mifuko ya matajiri kabla ya kutishia itikadi yao. Akkad analidhihirisha jambo hili kwa ufasaha. Mateso ya kidini aghalabu huvaa joho la dini, ilhali chini ya joho hilo mna mizani ya mfanyabiashara.

Wanaoteswa kwanza ni wale wasio na ukoo wa kuwakinga. Yasir na mkewe Sumaya wanauawa kwa kukataa kuikana imani yao. Bilali, mtumwa mweusi, anakabidhiwa mjeledi ili ampige Ammar, mwana wa wawili hao, naye anauachilia uanguke chini. Kwa ukaidi huo analazwa juani na kuwekewa jiwe zito kifuani, lakini harudi nyuma. Katika toleo la Kiingereza nafasi ya Bilali iliigizwa na Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar nchini Senegali. Mtazamaji wa Afrika hawezi kulipuuza jambo hilo, kwa sababu mwisho wa filamu mtu aliyeanza akiwa bidhaa ndiye anayepanda juu ya Al-Kaaba na kuadhini siku Makka ilipotekwa, mwaka wa 630.

Onyesho lenye uzito zaidi kwa hoja hii, hata hivyo, halitokei Uarabuni. Mateso yanapozidi, kundi la Waislamu linavuka Bahari ya Shamu na kukimbilia Uhabeshi kwa mfalme Mkristo. Makureshi nao wanamtuma Amr bin al-As akawadai wakimbizi hao, akiwa na zawadi na maneno matamu. Najashi, aliyeigizwa na Earl Cameron, angeweza kuwatoa pale pale na kulinda biashara yake na Makka. Anachagua kusikiliza. Jaafar bin Abi Talib anasimama kuwasemea wenzake na kusoma aya zinazomhusu Bibi Maryamu na mwanawe Isa. Najashi, baada ya kusikia, anachora mstari mwembamba ardhini kuonyesha jinsi pengo lililopo baina ya imani yake na ya wageni wake lilivyo dogo, na wakimbizi wanapewa hifadhi.

Safari ya filamu isiyotakiwa

Kwa kinaya kikubwa, filamu yenye onyesho hilo ilinyimwa baraza kama la Najashi. Akkad alijua mipaka ya jambo alilokuwa akilifanya. Alikubali tangu awali kwamba Mtume hataonekana wala sauti yake haitasikika, na vivyo hivyo kwa wakeze na kwa makhalifa wa kwanza. Aliuwasilisha mswada wake kwa wanazuoni. Maandishi ya mwanzo wa filamu yanatangaza kwamba usahihi wake uliidhinishwa na Al-Azhar ya Cairo na baraza kuu la Washia nchini Lebanoni. Al-Azhar baadaye iliiondoa idhini hiyo. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu yenye makao yake Makka iliipinga kazi hiyo, na Misri ikaipiga marufuku.

Upigaji wa picha ulianza nchini Moroko, ambako mfano wa mji wa Makka ulijengwa. Baada ya miezi kadhaa, Mfalme Hassan wa Pili aliusimamisha kutokana na shinikizo la Saudia. Kikosi kizima kilihamia Libya, ambako Muammar Gaddafi aliruhusu kazi iendelee hadi kukamilika. Fauka ya hayo, Akkad alikuwa akitengeneza filamu mbili kwa wakati mmoja. Katika toleo la Kiingereza Anthony Quinn alikuwa Hamza na Irene Papas akawa Hind. Katika toleo la Kiarabu, Ar-Risala, nafasi hizo zilichukuliwa na Abdullah Gaith wa Misri na Muna Wassef wa Syria. Kila onyesho lilipigwa mara mbili, kwa waigizaji wawili na lugha mbili. Mtu anayefanya kazi kwa namna hiyo hawezi kudaiwa kwa urahisi kuwa alikusudia dharau.

Filamu ilipofika London, jina lake la kwanza, lililomtaja Mtume waziwazi, lilibadilishwa likawa The Message kufuatia vitisho. Wakati huo uvumi ulikuwa umekwisha kuenea kwamba Quinn alikuwa ameigiza nafasi ya Mtume. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hiyo haikufaa hapa hata kidogo. Lililosemwa halikuwapo, halikuwa njiani, wala halikupata kuja. Mtu yeyote angeweza kulithibitisha hilo kwa kuketi mbele ya filamu yenyewe.

Washington, Machi 1977

Matokeo ya uvumi yalionekana wazi tarehe 9 Machi 1977, siku ambayo filamu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuonyeshwa nchini Marekani. Kundi la watu 12 wenye silaha, likiongozwa na Hamaas Abdul Khaalis, liliteka majengo 3 mjini Washington, mojawapo kikiwa ni kituo cha Kiislamu cha mji huo. Zaidi ya watu 100 walishikwa mateka. Mwanahabari mmoja kijana wa redio aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Miongoni mwa madai ya watekaji lilikuwamo la kuondolewa kwa filamu hiyo katika majumba ya sinema, na kwa muda maonyesho yalisitishwa.

Haki inadai kwamba hata Khaalis asihukumiwe bila kusikilizwa. Dai lake kuu halikuhusu sinema. Mnamo Januari 1973 watu 7 wa nyumba yake, watoto wachanga wakiwemo, walikuwa wameuawa na watu wa kundi pinzani la kidini, naye alitaka wauaji hao wakabidhiwe kwake. Alikuwa mtu aliyedhulumiwa kwa sababu ya imani, na jeraha lake lilikuwa la kweli. Hapo ndipo penye uchungu wa tukio zima. Filamu iliyowasimulia waliodhulumiwa ilishambuliwa na mtu aliyedhulumiwa, na waliolipia ni watu ambao hawakumkosea lolote. Kudhulumiwa hakumpi mtu macho ya kuona dhuluma anayoitenda yeye mwenyewe.

Utekaji huo ulimalizika tarehe 11 Machi, baada ya mabalozi 3 wa nchi za Kiislamu, yaani Misri, Pakistani na Irani, kwenda kuzungumza na Khaalis na kusoma pamoja naye aya za Kurani zinazohusu huruma. Maneno yaliyosikilizwa yaliweza kuwaweka mateka huru bila risasi nyingine kufyatuliwa. Najashi alikuwa ametumia njia iyo hiyo karne 13 zilizotangulia.

Hoja yenye uzito

Pamoja na hayo, ingekuwa dhuluma nyingine kuwatia wapinzani wote wa filamu katika kapu moja. Wapo wanazuoni waliokuwa na hoja, na hoja yao inastahili kupimwa. Kwanza, walisema, mlango ukifunguliwa kwa Maswahaba, ni nani atakayeufunga kwa Mtume? Pili, mwigizaji hubeba nyayo za nafasi alizoziigiza zamani. Mtu aliyemwona Quinn akicheza na kulewa katika Zorba the Greek mwaka wa 1964 atawezaje kumwona Hamza katika uso uo huo? Tatu, picha hukaa akilini kwa ukaidi. Aliyekwisha kuona uso wa mwigizaji hatakuwa na Bilali mwingine wa kumfikiria tena.

Hoja hizi si za kijinga, na mwanafunzi yeyote wa fasihi atazitambua. Msomaji wa riwaya huchora wahusika wake mwenyewe, na filamu humpokonya kalamu. Ila hoja hizo zina sifa moja inayozitenga na uvumi. Zinaweza kujibiwa. Kuhusu hofu ya kwanza, Akkad aliweka mpaka akauheshimu kuanzia mwanzo hadi mwisho wa filamu. Kuhusu ya pili, toleo la Kiarabu lilikuwa sehemu ya jibu, kwani mtazamaji wa Kiarabu hakulazimika kumtazama Quinn. Ya tatu haina jibu kamili, na hapo ndipo mjadala wa kweli ungepaswa kuanzia: je, kinachopatikana kinalipia kinachopotea? Mjadala huo ulihitaji watu walioiona filamu. Marufuku iliuzima kabla haujawashwa.

Mhusika mkuu asiyeonekana

Kwa mtaalamu wa fani, filamu hii ina tatizo la kiufundi lisilo na kifani. Mhusika mkuu hayupo. Akkad alilitatua kwa kuifanya kamera kuwa macho ya Mtume. Wahusika wanaitazama kamera, wanaisemesha, wanasubiri, kisha wanayarudia kwa vinywa vyao yale waliyoambiwa. Panapohitajika kuonyesha kwamba Ali yupo vitani, upanga wake wenye ncha mbili ndio unaoonekana. Mbinu hii ina udhaifu wake. Mazungumzo mengine yanakuwa kama ya watu wanaojibizana na ukuta, na Hamza anabebeshwa uzito wa hadithi ambao si wake, hata anapouawa katika vita vya Uhud filamu inabaki kama nyumba iliyong'olewa nguzo.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina faida ambayo haikutambuliwa na wengi. Maadamu mtesi anaitazama kamera, anamtazama pia mtazamaji. Dharau ya Makureshi, mawe na matusi vinarushwa moja kwa moja kwa aliyeketi katika ukumbi. Haidhuru yeye ni Mwislamu, Mkristo au asiye na dini. Kwa muda huo amewekwa mahali pa anayedhulumiwa. Kizuizi cha kidini, badala ya kuiua sanaa, kiliizalia njia ya kusema.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Pwani ya Afrika Mashariki imesimulia maisha ya Mtume na Maswahaba kwa karne kadhaa bila kuhitaji kamera. Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Bwana Mwengo wa Athmani wa Pate na wenye tarehe ya mwaka wa 1728, unahusu vita vya Waislamu na Herekali, Kaisari yule yule anayepelekewa barua mwanzoni mwa filamu ya Akkad. Hamziya ya al-Busiri ilitafsiriwa kwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus wa Pate, na maulidi yangali yanasomwa Lamu kila mwaka. Katika utendi, Mtume husema, huamrisha na huhuzunika, na hadhira ya waumini haikuona kufuru katika jambo hilo. Neno lilipewa ruhusa ambayo picha ilinyimwa.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Katika utendi msimulizi hubaki kuwa msimulizi. Hakuna mtu anayejivika nafsi ya Mtume, na kila msikilizaji huijenga taswira kwa kiasi cha heshima aliyo nayo moyoni. Lakini tofauti hiyo inafundisha pia kwamba jamii ya Waswahili haikuogopa kuisimulia historia takatifu kwa sanaa, na tena sanaa yenye kutia chumvi, mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida na majeshi yasiyohesabika. Aliyelelewa katika jadi hiyo ana vifaa vya kuipima filamu ya Akkad kwa utulivu kuliko wengi. Anajua kwamba kusimulia si kuabudu, na kwamba ubunifu si lazima uwe uzushi.

Miaka iliyofuata

Wakati una namna yake ya kuhukumu. Mnamo Novemba 2005 Akkad alikuwa katika hoteli moja mjini Amman nchini Yordani pale washambuliaji wa kujitoa mhanga walipolipua mabomu katika hoteli za mji huo. Binti yake alikufa, na yeye mwenyewe akafariki siku chache baadaye kutokana na majeraha. Waliodai kuhusika walijiita watetezi wa Uislamu. Mtu aliyetumia miaka ya maisha yake kuueleza Uislamu kwa ulimwengu aliuawa kwa jina la Uislamu, na watu ambao yamkini hawakujua ni nani aliyekuwa ameketi pale.

Juni 2018, miezi michache baada ya Saudia kufungua tena majumba ya sinema, Ar-Risala ilionyeshwa katika majumba hayo wakati wa Idi. Nchi iliyowahi kushinikiza filamu hiyo ifukuzwe Moroko sasa iliiuzia tiketi. Si kwamba filamu ilikuwa imebadilika. Picha zake zilisafishwa tu, na kisa ni kile kile, mipaka yake ni ile ile. Kilichobadilika ni utayari wa kuitazama.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba somo limeeleweka. Mwaka wa 2015 mwelekezi wa Irani, Majid Majidi, alitoa filamu kuhusu utoto wa Mtume ambamo mhusika huyo anaonekana kwa nyuma bila uso. Huyu alikwenda mbali zaidi ya Akkad, na kwa hiyo palikuwa na jambo halisi la kujadiliwa. Hata hivyo Al-Azhar iliipinga kabla haijaanza kuonyeshwa kwa umma, na huko Mumbai fatwa ilitolewa dhidi ya mwelekezi na mtunzi wa muziki wake. Kwa mara nyingine hukumu ilitangulia, ushahidi ukafuata nyuma.

Kazi ya mhakiki

Ulimwengu wa fasihi ya Kiswahili nao si mgeni wa tabia hii. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka wa 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kupotosha maadili, ilhali leo inasomwa na kutahiniwa kama mojawapo ya riwaya zilizofungua njia. Vyuoni kwenyewe si ajabu kumsikia mwanafunzi akiibeza riwaya ambayo ameisoma katika mwongozo peke yake, au akimtuhumu mshairi kwa kauli aliyoisikia ukumbini. Waswahili waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Swali hilo lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila darasa la uhakiki.

Hapana anayedai kwamba filamu ya mateso ya kidini isipingwe. Anayeumizwa na namna imani yake ilivyosawiriwa ana haki ya kulalamika, na malalamiko yake huenda yakawa ndiyo uhakiki bora zaidi atakaoupata msanii. Linalodaiwa ni utaratibu. Aone kwanza, au asome kwanza, kisha aseme kwa kutaja onyesho, mhusika na neno. Pingamizi linalotaja ushahidi humlazimu msanii kujibu. Lisilotaja ushahidi humlazimu kujificha, na msanii aliyejificha hawezi kusahihishwa.

Katika baraza la Uhabeshi, Amr bin al-As alikuwa na zawadi, ufasaha na urafiki wa zamani na mfalme. Jaafar alikuwa na maneno tu. Mizani ilielemea upande mmoja, na kama Najashi angelihukumu kwa yale aliyoletewa kwanza, historia ya dini moja ya ulimwengu ingelichukua njia nyingine. Alichofanya kilikuwa kitu kidogo, tena hakikumgharimu dhahabu. Alimwambia mshtakiwa aseme, akanyamaza mpaka amalize. Mhakiki wa fasihi hana jeshi wala hazina, lakini uwezo huo anao, na kila kazi inayowekwa mbele yake inamdai autumie.